Ubao wa biti tunausifu kwa sababu isiyo yake

Wandugu wa promosyo, na wadogo wetu mnaokuja nyuma,

Siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho wa masomo, prof mmoja wa juri alifungua kurasa za nyongeza, akaweka kidole juu ya namba moja ndefu kama mstari wa siafu, akaniuliza: « Ndugu mtahiniwa, hii namba imetoka wapi? »

Nilikuwa nimeandika programu ya kucheza sataranji, ile wengi wetu tunaiitaka eshek. Programu ilikuwa inacheza vizuri. Ilishanifunga mimi mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukubali hapa. Ile namba ilikuwa sehemu ya orodha ya namba 64 zinazosaidia kujua mnara unafika wapi. Nikajibu: « Prof, ni namba ya kichawi. » Watu nyuma wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema: « Hapa hatupimi uchawi. Imetoka wapi? » Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeinakili kutoka kode ya mtu mwingine, pamoja na nyingine 127, na sikujua hata moja ilizaliwa vipi.

Nilipata satisfaksyo. Sikuonewa. Lakini lile swali lilibaki ndani yangu miaka, na leo nataka kulijibu hapa kwa kukihakiki chombo chenyewe: ubao wa biti. Maana nimeona kwamba tunakisifu kwa sababu isiyo yake, na sifa hiyo isiyo yake njo ilinifanya ninakili.

Kwanza tuelewane kitu chenyewe ni nini. Ubao wa sataranji una miraba 64. Prosesa za leo zinafanya kazi na namba za biti 64 kwa mara moja. Basi kila mraba unapewa biti yake: a1 ni biti 0, b1 ni biti 1, tunaenda hivyo mpaka h1 ambayo ni 7, tunapanda a2 ambayo ni 8, na mwisho kabisa h8 ni biti 63. Fikiria mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 64 na karatasi ya mahudhurio: aliyepo anaandikiwa 1, asiyepo 0. Kwa sataranji tunakuwa na karatasi 12 za namna hiyo: aina 6 za vipande, mara rangi 2. Karatasi moja ni ya askari weupe tu, nyingine ni ya minara myeusi tu, na zingine vilevile. Mwanzoni mwa mchezo karatasi ya askari weupe ina moja kwenye biti 8 mpaka 15. Ukiisoma kama namba ya kawaida, ni 65280.

Utamu unaanza hapa. Ukitaka askari wote wanane wasonge mbele hatua moja, hauwaite mmoja mmoja. Unasukuma namba nzima nafasi 8 kwenda juu: 65280 inakuwa 16711680, na wote wanane wamefika mstari wa tatu kwa pigo moja. Kisha unafanya NA na karatasi ya miraba mitupu, na wale waliozuiwa njiani wanaanguka wenyewe. Mara ya kwanza nilipoelewa hilo, usiku, na betri ya laptopu ikiwa karibu kuisha, nilisimama nikazunguka chumba.

Wazo si la jana. Mwaka 1952 Mwingereza Christopher Strachey alieleza programu ya dama iliyotunza ubao mzima kwa namba tatu zenye tarakimu 32 za mbili-mbili, juu dama ya kwao inachezewa kwenye miraba 32 tu. Kwa upande wa sataranji, kundi la Moscow lililoandika Kaissa, likiwa na Adelson-Velsky na Arlazarov, lilieleza njia hii mwaka 1970. Kule Marekani, David Slate na Larry Atkin wa Northwestern University waliitumia ndani ya Chess 4.0. Programu hizo mbili zilikutana Stockholm mwaka 1974, katika ubingwa wa kwanza wa dunia wa kompyuta: Kaissa ikatoka ya kwanza, Chess 4.0 ya pili.

Tusimame hapo kidogo. Mashine za CDC ambazo Slate na Atkin walikuwa wanatumia zilikuwa na maneno ya biti 60. Sitini! Ubao una miraba 64. Neno moja halikutosha, miraba minne inabaki nje. Kama uzuri wa njia hii ungekuwa tu kwamba ubao unaingia sawasawa ndani ya neno moja la prosesa, wale watu wasingekuwa na sababu ya kuichagua. Waliichagua kabla haijawatosha. Kwa nini?

Sifa tunayosikiaka kila mahali ni kasi. Mwanafunzi anaandika kwenye utangulizi wake: nimetumia ubao wa biti kwa sababu ni wa haraka. Mimi pia niliandika hivyo, karibu neno kwa neno. Nataka kuonyesha kwamba sifa hiyo ni dhaifu.

Mwaka 2005, kwenye ubingwa wa dunia wa kompyuta kule Reykjavik, programu ya Mfaransa mmoja, Fabien Letouzey, ilishika nafasi ya pili. Ilikuwa inaitwa Fruit. Haikusimama juu ya ubao wa biti. Ilikuwa na safu ya kawaida ya miraba, na miraba ya ziada pembeni ili kipande kinachotoka nje ya ubao kionekane mara moja. Ni njia ambayo tungeiita ya kizamani. Nguvu yake ilitoka kwenye namna ya kutafuta na kupima hali ya mchezo. Na tangu mwaka 2020, Stockfish inapima hali ya mchezo kwa mtandao wa neva, na sehemu kubwa ya muda wa prosesa inaliwa na huo mtandao. Ukiongeza kasi ya kuzalisha hatua za vipande, unapata faida, ndiyo, lakini ni faida ya kupunguza uzito wa kofia wakati umebeba gunia la makala.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Fungua kode ya Stockfish, programu ambayo kila mtu anaitolea kama mfano wa ubao wa biti. Pembeni ya zile karatasi zake za biti utakuta safu ya kawaida ya miraba 64, kila mraba ukisema nani amekaa ndani yake. Bingwa mwenyewe ameweka vyote viwili! Sababu ni nyepesi. Karatasi za mahudhurio zinajibu vizuri sana swali hili: « Askari weupe wako wapi? » Lakini zinajibu vibaya swali la upande wa pili: « Kwenye e4 kuna nani? » Kujibu hilo inabidi upitie karatasi moja baada ya nyingine mpaka ukute moja. Safu ya kawaida inafanya kinyume: swali la pili inalijibu kwa kuangalia tu, swali la kwanza inabidi izunguke ubao mzima.

Huo njo uhakiki wangu wa kwanza. Ubao wa biti haushindi safu ya miraba kama gari linavyoshinda baiskeli. Ni maswali mawili tofauti, na kila chombo kimefanya moja kuwa rahisi. Anayechagua chombo bila kujua ni maswali gani programu yake itauliza zaidi, huyo hajachagua kitu.

Uhakiki wa pili: ubao wa biti unaficha makosa. Ninasema hivi kwa kuumia.

Baada ya ile siku ya juri nilianza programu upya, toka sifuri, bila kunakili mstari hata mmoja. Kuna kipimo kizuri ambacho watu wa fani hii wanatumiaka: unahesabu njia zote za mchezo kutoka mwanzo mpaka kina fulani. Hatua moja: 20. Mbili: 400. Tatu: 8902. Nne: 197281. Namba hizo zinajulikana, hazibishaniwi. Yangu ilitoa 20, ikatoa 400, halafu ikatoa 8905.

Njia tatu za ziada. Kati ya karibu elfu tisa! Kwenye skrini kila kitu kilionekana sawa, na programu ilikuwa inacheza. Ingeweza kucheza hivyo miezi bila mtu kushtuka. Nikaanza kugawa hesabu kwa kila hatua ya kwanza. Askari wa h akienda h3, jibu linatakiwa kuwa 380. Mimi nilikuwa na 381. Akienda h4, linatakiwa kuwa 420. Nilikuwa na 422. Hatua zingine 18 zilikuwa safi. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye nguzo ya h.

Askari mweupe anakula kwa kupanda kimshazari, na kimshazari cha kulia ni kusukuma biti nafasi 9. Askari wa h4 ni biti 31. Ongeza 9, unapata 40. Biti 40 ni mraba gani? Ni a6. Askari wangu alikuwa anatoka ukingo wa kulia wa ubao, anatokea ukingo wa kushoto, anakula askari ao farasi aliyekuwa ametulia pale a6. Na yule wa h3, biti 23, alikuwa anafika 32, yaani a5. Kwa hesabu, hakuna kosa: namba imesukumwa, namba imetoka. Namba haijui kwamba ubao una kingo. Sisi njo tunajua. Dawa ni kufuta askari wa nguzo ya h kabla ya kusukuma, NA moja tu.

Kwenye safu yenye miraba ya ziada pembeni, kosa hilo lingekuwa gumu kutokea, maana ukingo umeandikwa ndani ya chombo. Ubao wa biti umeutoa ukingo kwenye chombo, umeuweka ndani ya kichwa cha mwandishi. Ndiyo sababu naona ni kosa kumpa mwanafunzi ubao huu bila kumpa pamoja nao ile hesabu ya 20, 400, 8902. Ni kama kumpa mtu dawa bila kumwambia anakunywa mara ngapi.

Sasa tufike kwa namba ya kichawi yenyewe.

Weka mnara a1. Unataka kujua miraba unayoshambulia. Inategemea nani amekaa njiani: upande wa juu, a2 mpaka a7, upande wa kulia, b1 mpaka g1. Miraba a8 na h1 haihesabiwi, juu awepo mtu asiwepo, mnara unafika pale pale. Basi ni miraba 12, na kila mmoja una mtu ao hauna: mipangilio 4096. Unaweza kuandaa majibu yote mapema kwenye jedwali. Shida ni anwani. Zile biti 12 zimetawanyika ndani ya namba ya biti 64, na wewe unataka namba ndogo kati ya 0 na 4095. Hapo unazidisha kwa ile namba ndefu, kinachozidi biti 64 kinatupwa, unachukua biti 12 za juu, na hizo njo anwani yako. Katika miaka ya 1990 Robert Hyatt, kwenye programu yake Crafty, alitatua shida hiyo kwa kutunza nakala za ubao zilizozungushwa. Njia ya kuzidisha ilienea miaka kumi hivi baadaye; makala ya Pradyumna Kannan ya mwaka 2007 ni kati ya zilizoieleza vizuri.

Na namba inatoka wapi? Wandugu, jibu ni la aibu kwa unyepesi wake. Inatoka kwenye bahati nasibu. Unaokota namba yoyote yenye biti chache zilizowashwa. Unaijaribu kwa mipangilio yote 4096. Mipangilio miwili yenye majibu tofauti ikigongana kwenye anwani moja, unaitupa hiyo namba, unaokota nyingine. Ikipita yote bila ugomvi, umepata. Nilipoandika hiyo programu ndogo ya kutafuta, mashine yangu ya zamani ilipata namba zote 128, za minara na za maaskofu, kabla chai yangu haijapoa.

Kuna kitu kingine nilikiona paka baada ya kuchora mwenyewe kwenye karatasi. Mipangilio ni 4096, lakini majibu tofauti ni mangapi? Kwenda juu, mnara unaweza kuishia kwenye mraba wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba: njia 7. Kulia vilevile 7. Saba mara saba, 49. Jedwali la nafasi 4096 limebeba majibu 49 tu, yamerudiwa-rudiwa! Ukijumlisha minara ya miraba yote 64, unapata nafasi 102400, kila moja baiti 8, yaani kilobaiti 800 za kumbukumbu. Mimi sisemi ni vibaya. Ni biashara: unanunua muda kwa nafasi. Lakini mtu anayenunua lazima ajue bei. Nilipokuwa mbele ya juri sikujua bei, na sikujua hata kwamba nimenunua.

Nalaumu pia lile jina, « kichawi ». Linachekesha, lakini linafunga mlango. Mtu akisikia uchawi anaacha kuuliza, anaogopa ao anaabudu. Kama wangeiita « namba ya kujaribu-jaribu », ningeuliza ilijaribiwa vipi, na ningekuwa na jibu la kumpa prof: imetoka kwenye bahati nasibu, na imepimwa kwa mipangilio 4096 bila kubakisha hata mmoja.

Basi baada ya kuukosoa hivi, ubao wa biti unabaki na nini? Unabaki na kile ambacho, nafikiri, kiliwavuta watu wa Moscow na wa Northwestern kabla prosesa hazijawa na biti 64. Unaruhusu kuongea sataranji kwa makundi. Mchezaji mzuri haoni miraba, anaona makundi: askari wangu, miraba wanayolinda, njia iliyo wazi. Askari huru, kwa mfano, ni yule ambaye mbele yake, kwenye nguzo yake na mbili za jirani, hakuna askari wa adui. Kwa ubao wa biti sentensi hiyo inaandikwa karibu kama ilivyo: chukua miraba ya mbele, fanya NA na askari wa adui, ikitoka sifuri, yuko huru. Kode na maneno ya mchezaji vinakuwa kitu kimoja. Hata hila ndogo zina uzuri wao. Ukitaka kufuta biti ya chini kabisa, toa 1 kwenye namba, kisha fanya NA na namba yenyewe: 12 ni 1100, 11 ni 1011, NA yake ni 1000, yaani 8. Peter Wegner aliitumia mwaka 1960 kuhesabu biti. Mtoto wa sekondari anaweza kuithibitisha kwa kalamu.

Hiyo njo sifa yake ya kweli: ni lugha nzuri ya kuuliza maswali. Kasi ni zawadi iliyokuja baadaye, siku prosesa zilipofika kwenye biti 64.

Mwezi uliopita mdogo wetu mmoja anayemaliza masomo alinijia na laptopu, anafuraha: « Yaya, kode ya ubao wa biti nimeshapata, inabaki kubadilisha majina tu. » Nilimuelewa kabisa, umeme ni wa kuvizia na tarehe ya kutetea inakaribia. Sikumkemea. Nilimpa karatasi ya mistari na penseli, nikamwambia: « Weka mnara a1, nihesabie majibu tofauti. » Alikaa karibu saa nzima, alifuta mara nyingi. Halafu akasema, polepole: « Arobaini na tisa? »

Programu yake inafanya kazi sasa. Ni ya polepole kuliko ile aliyotaka kunakili, na kina cha tatu inatoa 8902. Atatetea kazi yake mwezi ujao. Kama kuna mmoja wenu atakayekaa kwenye juri, naomba amuulize namba imetoka wapi.